Sura ya Tisa: Herufi Iliyomezwa na Simu

Walimwekea askari mlangoni, utadhani mtu asiyeweza kushika kijiko angeruka dirishani akatimua mbio.

Mpelelezi Tymofi Zaruba alipangusa viatu kwenye gunia bichi lililotandazwa kizingitini, kama ilivyokuwa sheria ya kila mlango tangu kinu cha nyuklia cha Verbivka kilipuke, akaingia kwenye ukumbi wa wodi. Mkabala na askari, juu ya benchi, alikaa mwanamke aliyepakata sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cha kichwa. Huyo ni Solomia, mke wa mgonjwa. Tangu mumewe aletwe hapa, benchi lile ndilo lilikuwa nyumba yake, kwa sababu nyumba yao ya kweli ilikuwa ndani ya eneo lililofungwa kwa seng'enge.

"Ndugu mpelelezi," alisema bila kuinuka, "wewe unaingia kila siku. Mimi mkewe naambiwa nitaharibu ushahidi. Nitauharibu kwa supu?"

"Supu ya nini?"

"Ya kuku. Kuku wa Poltava, si wa kwetu. Kapimwa na mashine, kaonekana msafi kuliko hao wanaomzuia."

"Mpe askari aipeleke ndani."

"Jana nilimpa. Akaila."

Askari alikohoa. "Niliionja tu, Tymofi Lukich. Kwa usalama."

"Leo usionje," Zaruba alisema, akasukuma mlango.

Kyrylo Mazhuha, mkuu wa zamu ya usiku ule, alikuwa amelala chini ya pazia la plastiki. Nywele zimekwisha. Mikono imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, kwa kuwa ndiyo iliyozungusha vali za maji wakati wengine walikwishakimbia. Daktari, mama mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alimvuta Zaruba pembeni kabla hajakaa.

"Damu yake imeanza kurudi," alinong'ona. "Wiki hii kwa mara ya kwanza. Lakini nimeambiwa jioni linakuja gari la mahabusu kumchukua. Ni kweli?"

"Ni kweli nikisaini."

"Basi sikiliza. Mtie kwenye chumba kimoja na mtu mmoja tu mwenye mafua, halafu nenda moja kwa moja kaagize jeneza. Usipite hapa kuniuliza kafa na nini."

Zaruba alipapasa mfuko wa koti. Karatasi ya kumhamisha Kyrylo rumande ilikuwa mfukoni mwake tangu asubuhi, imepigwa chapa vizuri, imegongwa muhuri, imebakiza saini yake tu. Mwendesha mashtaka wa mkoa aliitaka kabla ya jioni. Huko juu walikwishaamua kwamba mwenye kosa ni mmoja, na kwamba ni vizuri awe mdogo wa cheo na mgonjwa, asiye na nguvu ya kubisha.

Alivuta kiti karibu na pazia.

"Kyrylo Demidovich, tuanze tena. Ile simu."

"Nimeisema mpaka ulimi umeota sugu."

"Basi iseme kwa sugu hiyo hiyo."

Mgonjwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Pampu ya tatu ilikuwa wazi, kwenye matengenezo. Mafundi hawajaifunga. Mchana mhandisi mkuu alipita akasema Mei Mosi inakuja, umeme wetu utatajwa jukwaani, kwa hiyo nguvu ipande usiku huo huo. Mimi sikutaka kupandisha kinu kwa pampu mbili. Nikampigia nyumbani. Nikamwambia pampu ya tatu bado, tuko tayari kupandisha, lakini sigusi kitu, nasubiri neno lako. Akanipa neno."

"Neno gani?"

"Dobro."

"Ulilisikia lote?"

Kyrylo alitazama bendeji zake. "Nililisikia," alisema, halafu kwa sauti ya chini, "au nililijua. Unauliza kama hakimu."

"Nauliza kama atakavyouliza hakimu."

Hapo ndipo kesi nzima ilipokwama, kwenye neno hilo. Mhandisi mkuu, Rodion Arkadievich Shubin, alitoka kwenye manowari za kaskazini. Huko "dobro" ni neno la ruhusa: umeomba jambo, umejibiwa dobro, fanya. Alikuja nalo kituoni na kila mtu akalizoea, wahandisi mpaka wafagiaji. Lakini wenyeji wa Verbivka wana neno lao la Kiukreni, la sokoni na jikoni: "dobre". Maana yake haya, vizuri, nimekusikia. Ukimwambia mtu nasubiri neno lako, akakujibu dobre, amekwambia haya, subiri.

Kanda ya chumba cha udhibiti ilinasa simu ile. Sauti ya Kyrylo ilisikika yote. Ya Shubin ilisikika hivi: "Dobr". Halafu tk, mkono wa simu umewekwa. Herufi ya mwisho haikuwepo. Ikiwa ni "o", aliyeamuru ni Shubin. Ikiwa ni "e", Kyrylo alijiamulia. Kwa vyovyote nguvu ilipandishwa, pampu mbili zikashindwa kupoza kinu, maji yakachemka yakaisha, paa likaruka. Vijana wawili wa chumba cha pampu walikufa palepale. Mji mzima ukapakiwa kwenye mabasi, watu wakaambiwa wabebe nguo za kubadili tu. Maziwa ya wilaya tatu yakamwagwa mtaroni.

"Wewe Kyrylo Demidovich ni Mukreni," Zaruba alisema. "Mkeo akikwambia chai tayari, unamjibu nini?"

"Dobre."

"Na kazini?"

"Kazini?" Mgonjwa alimtazama kupitia plastiki. "Kazini hatukusema dobre. Ilikuwa marufuku."

Zaruba aliinua kichwa. Jambo hilo halikuwa kwenye maelezo ya mtu yeyote.

*

Uongozi wa kituo ulikuwa umehamia kwenye kambi ya likizo ya watoto, msituni, nje ya seng'enge. Ukutani bado walichorwa sungura wenye kofia. Kwenye chumba kilichokuwa cha michezo, katikati ya nyaya, alikaa Raisa Ostapivna, mwendesha swichibodi ya simu, mama wa makamo aliyesuka nywele zake zikazunguka kichwa kama mkate.

"Marufuku kweli," alisema alipoulizwa na Zaruba. "Mwaka wa kwanza tu Rodion Arkadievich alipofika. Alisema lugha ya simu za kituo ni moja, Kirusi, hataki kusikia lugha ya mazizini. Mimi mwenyewe nilikatwa likizo. Mtu kaomba laini, nikamjibu dobre, ulimi umeteleza. Rodion Arkadievich alikuwa anasikiliza. Akaniambia: 'Wewe binti, hapa ni kituo cha nyuklia, si banda la nguruwe.'"

"Uliwahi kumsikia yeye akisema dobre?"

"Kabla ya msiba? Afadhali ungeniuliza kama nilimsikia akiimba kanisani."

"Na baada ya msiba?"

Raisa aliangua kicheko, akajiziba mdomo. "Ee, baada ya msiba kawa mwenyeji kutuzidi! Dobre mama, dobre ndugu, dobre vijana. Juzi alimwambia mpishi dobre mara mbili kwa sahani moja. Mpishi akadhani mzee kachanganyikiwa kwa mionzi."

Zaruba aliomba kusikiliza tena kanda. Raisa aliizungusha. "Nasubiri neno lako." "Dobr". Tk. Halafu mvumo wa laini tupu.

Mwanzoni Shubin aliapa kwamba alisema "Dobre, subiri nifike", na kwamba Kyrylo, aliyebaki peke yake chumbani, ndiye aliyefuta maneno mawili ya mwisho. Siku kadhaa Zaruba alizipoteza akiufuata uongo huo. Aliuliza nani alishika mashine, akachukua alama za vidole, akapeleka kanda Kyiv. Mtaalamu wa Kyiv akajibu kwamba hakuna kilichofutwa, mvumo wa laini umeendelea bila kukatika. Asubuhi iliyofuata Shubin akabadilisha maelezo: alisema "dobre" tu, akakata simu. Mtu mwenye kukumbuka vizuri hakumbuki kwa namna mbili.

"Kanda nyingine zenye sauti yake ziko wapi?"

"Zimezikwa," Raisa alisema. "Pamoja na meza, viti, na koti langu la baridi. Vyote vilikuwa vinaiungurumisha ile mashine ya kupimia mionzi. Hii moja tu ndiyo waliyoitoa."

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kulinganisha."

"Mlinganishe na yeye mwenyewe. Anaongea kutwa."

"Nimekaa naye mara nne. Hajapigiwa simu hata moja mbele yangu. Mhandisi mkuu wa kituo kizima, msiba mzima, na simu yake hailii?"

Raisa alianza kunyoosha waya ambao haukuwa umejipinda.

"Raisa Ostapivna?"

"Ni agizo," alisema. "Ukiingia wewe tu ofisini kwake, simu zote zikae. Nijibu kwamba yuko kwenye kikao. Nilidhani ni heshima kwako."

"Nami nilidhani hivyo." Zaruba alivaa kofia yake, akaivua tena. "Leo usimsikilize. Nikiingia, kila anayemtaka mpe. Na mashine ya kurekodi iwe inazunguka."

"Atanifukuza kazi!"

"Kutoka wapi? Kituo kimefungwa."

Raisa alifikiri kidogo. "Hilo nalo neno," alisema, akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka.

*

Shubin alikaa nyuma ya meza ya mkurugenzi wa kambi. Alikuwa mtu wa mabega mapana na ndevu zilizonyolewa kila asubuhi hata mbingu ianguke. Pembeni mpiga chapa, mama mnene aliyeazimwa kutoka mahakama ya wilaya, alikuwa ameweka taipu yake juu ya meza ya watoto, magoti yakimfika kifuani. Zaruba alikuwa amemwomba aandike kila litakalosemwa chumbani.

"Karibu, Tymofi Lukich. Chai? Dobre, kaa. Nasikia leo tunamaliza."

"Leo tunamaliza."

"Maskini Mazhuha. Simlaumu, unajua. Kijana wa hapa, roho nzuri, lakini hawa watu..." Alijikata. "Hawa vijana hupenda kuharakisha."

"Aliyekuwa na haraka ya Mei Mosi ni nani?"

"Nchi nzima."

"Nchi nzima haikupita chumba cha udhibiti mchana ule."

Simu ililia.

Shubin aliitazama kana kwamba paka amesema. Aliiacha ilie. Ikaendelea. Zaruba alikoroga chai yake.

"Pokea tu, Rodion Arkadievich. Kazi haingoji."

Ilikuwa ghala, wakiomba kutoa barakoa. Shubin alisikiliza, akamtazama Zaruba, akasema taratibu kama mtu anayemsomesha mtoto: "Dobre." Akaweka mkono wa simu kwa vidole viwili.

Taipu ikagonga.

"Unaona," Shubin alisema, akitabasamu. "Mtu akikaa na watu huokota lugha yao."

"Uliiokota lini?"

"Siku nyingi."

"Raisa Ostapivna alikatwa likizo kwa kuiokota mapema mno."

Tabasamu lilibaki mdomoni lakini halikuwa tena na kazi pale. "Ilikuwa nidhamu ya mawasiliano. Mambo ya kiufundi."

Simu ikalia tena. Jikoni, wanauliza kama kabichi ya mkoa wa jirani ipikwe. "Dobre," alisema Shubin, polepole, macho hayambanduki Zaruba. Neno zima, mwanzo mpaka mwisho.

Zaruba aliweka kijiko mezani. Mzee yule wa manowari alikuwa ameshaunusa mtego na alikuwa anauruka. Nje, jua lilikwishapita upande wa pili wa misonobari, na karatasi ile mfukoni ilikuwa bado nyeupe mahali pa saini. Akasogeza kiti mbele.

"Tuzungumze kuhusu wale vijana wawili wa chumba cha pampu."

"Nimeshatoa salamu za rambirambi."

"Waliingia zamu bila suti za kinga. Kwa nini?"

"Mwulize Mazhuha! Ndiye mkuu wa zamu!"

"Nimemuuliza mtunza stoo. Anasema suti zilipelekwa gwaride, ziwapendeze wageni. Kwa amri ya nani?"

"Hilo halihusiani na..."

Simu ikalia.

"Kwa amri ya nani, Rodion Arkadievich?"

"Nimesema halihusiani!" Shubin alinyakua mkono wa simu. "Nini?"

Sauti ya upande wa pili ilikuwa kali kiasi cha kusikika mpaka kwa mpiga chapa. Kizuizi cha daraja. Malori ya saruji yamesimama juani, kipimo cha mionzi kinapiga kelele, madereva wanatukana mama za watu, karatasi ya ruhusa haijafika. Wapite au wasipite?

"Mama mmoja wa hao vijana," Zaruba alisema bila kupandisha sauti, "anataka kujua mwanawe alivaa nini."

"Dobro!" Shubin alifoka kwenye simu, na mkono wa simu ulikuwa umeshabamizwa mahali pake kabla mdomo haujafunga. Alimgeukia Zaruba. "Na wewe usiniletee mama za..."

Akasita.

Taipu ilikuwa imenyamaza. Nzi alikuwa akigonga kioo kilichozibwa kwa gundi.

"Niandike lipi?" mpiga chapa aliuliza.

"Andika ulilosikia, mama."

"Nimesikia dobro."

"Nimesema dobre," alisema Shubin.

"Mimi nina matatizo ya magoti," mama yule alisema, "masikio yangu ni mazima." Akagonga herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kwa nguvu.

Zaruba alichukua simu, akampigia Raisa. "Turudishie hiyo ya mwisho."

Ilikuja nyembamba, kupitia mkono wa simu, lakini wote watatu waliisikia. Wapite au wasipite? "Dobr". Tk. Mvumo wa laini.

Chumbani neno lilikuwa zima. Kwenye kanda lilikuwa limekatwa palepale pa zamani. Zile dobre mbili za barakoa na kabichi, Raisa alipozizungusha, zilisikika zote, safi kabisa, mpaka pumzi ya mwisho.

"Sasa niunganishe na kizuizi cha daraja," Zaruba alisema.

Mlinzi alipokea akihema. "Yamepita, mkuu, yamepita yote!"

"Huyu si mkuu, ni mpelelezi Zaruba. Nani amekuruhusu kuyapitisha?"

"Mhandisi mkuu. Kasema dobro."

"Umeisikia 'o'?"

"Nini?"

"Herufi ya mwisho. Umeisikia kwa masikio yako?"

Mlinzi alicheka kwa mashaka, kama mtu anayechelea kutegwa. "Ndugu mpelelezi, nani aliwahi kuisikia 'o' ya Rodion Arkadievich? Nimefanya kazi naye miaka yote hii, hajawahi kuimaliza. Anatubamizia simu. Sisi tumezoea. Ukisikia 'dobr' na tk, unafungua geti. Usipofungua, atakutafuta."

"Ahsante. Utalirudia hilo mbele ya hakimu?"

"Nitafukuzwa?"

"Hapana."

"Basi nitalirudia mpaka wachoke."

Zaruba aliweka mkono wa simu taratibu. Shubin alikuwa amewanyima walio chini yake hata muda wa kumalizia neno. Kufa wafe wao, lakini sekunde yake ya kutamka "o" ilikuwa ghali. Na leo alitaka uvivu wake wa ulimi uwe ushahidi dhidi ya mtu aliyeachwa na nusu ya amri mkononi.

"Herufi moja," Shubin alisema. Uso wake ulikuwa umepauka mpaka kwenye masikio. "Utanifunga kwa herufi moja?"

"Wewe ulitaka kumfunga Mazhuha kwa herufi hiyo hiyo."

"Unadhani mimi niliamka tu nikatamani umeme? Mimi nilipigiwa simu! Mimi pia niliambiwa dobro!"

"Na nani?"

Shubin aliinua macho darini, kana kwamba mwenye jina alikuwa amekaa huko juu ananywa chai. Kisha akayashusha.

"Taja jina, Rodion Arkadievich. Mama huyu ataliandika."

Hakutaja. Zaruba alimpa muda wa kutosha. Alijua jina litakuja, kama si leo basi siku atakayoona wakubwa wake wamemwachia mzigo peke yake, na wakubwa hawachelewi kuachia. Akamwambia mpiga chapa aache nafasi tupu kwenye ukurasa.

"Funguo za gari na kitambulisho mezani," alimwambia Shubin. "Hutoki kambini. Chai yako itapoa."

*

Mwendesha mashtaka wa mkoa alipiga kelele kwenye simu ya Raisa mpaka Raisa akavua vipokezi masikioni.

"Umefanya nini? Kesi ilikuwa imekwisha!"

"Ilikuwa imekwisha vibaya. Nimeiandika upya. Mashahidi wawili, kanda mbili, na mlinzi wa daraja. Amri ilikuwa ya Shubin. Mazhuha simsainii."

"Gari limeshaondoka kumchukua!"

"Bila saini yangu?"

"Tulidhani utasaini."

"Basi sema nao kwa redio warudi."

"Gari halina redio. Redio zote ziko Verbivka." Halafu, kwa sauti ya mtu aliyekwishaanza kupima upepo: "Hizo kanda mbili... zinafanana kabisa?"

"Kama mapacha."

"Hm. Basi kimbia."

Zaruba alikimbiza gari. Barabara ilikuwa bichi, malori ya maji yakiifuta vumbi kama kila jioni, na mara mbili tairi ziliteleza karibu na mtaro. Kizuizini walitaka kuyapima magurudumu. Akawatolea kichwa dirishani na tusi ambalo hakuwahi kulitumia akiwa kazini. Wakamfungulia.

Gari la kijivu la mahabusu lilikuwa limeegeshwa mlangoni pa hospitali, milango ya nyuma wazi. Alipanda ngazi akiwa na joho la wodi mkononi, hakulivaa, hakupangusa viatu. Ukumbini maofisa wawili wa rumande walisimama na machela tupu. Mbele yao alisimama daktari, mikono kiunoni, na kando ya daktari Solomia, amejibandika mlangoni mwa wodi mgongo kwa mbao. Askari wa mlango alikuwa katikati, hajui ampishe nani.

"Sitoki," Solomia alikuwa akisema. "Nibebeni mimi kwanza. Nina kilo nyingi, nawatahadharisha."

"Mama, sisi tumetumwa tu."

"Hata Kyrylo wangu alitumwa tu!"

"Acheni," alisema Zaruba. Pumzi haikumtosha kwa neno la pili. Alitoa ile karatasi mfukoni, akawaonyesha mahali pa saini palipobaki peupe, akaichana mara mbili. Kisha akawapa nyingine, ambayo wino wake ulikuwa bado unanata.

Ofisa mkubwa aliisoma, midomo ikitembea. "Kwa hiyo hatumchukui?"

"Hamumchukui. Si mshtakiwa. Ni shahidi."

"Kwa hiyo hatumgusi kabisa?"

"Kabisa."

Ofisa alipumua mpaka mashavu yakatulia. "Ndugu mpelelezi, Mungu akubariki. Mke wangu aliniambia nikimgusa mtu wa Verbivka nisirudi nyumbani. Twende, twende!" Wakaichukua machela yao wakashuka ngazi kwa haraka kuliko walivyopanda.

Solomia hakubanduka mlangoni. Alimtazama Zaruba, akamtazama daktari, kama mtu aliyeuziwa kitu rahisi mno akashuku.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Naweza kuingia?"

"Yeye ni shahidi, wewe ni mkewe. Sioni sheria inayokuzuia."

Daktari alimvika joho, akamfunga barakoa, akamwambia asimguse mikononi, asivue barakoa, asilie karibu na pazia. Solomia aliitikia kwa kichwa kila sharti. Kisha akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Askari alitazama viatu vyake. Daktari aliegemea ukuta, akafumba macho.

Halafu, kutoka ndani, kikaja kicheko cha mwanamke, kikubwa, cha ghafla. "Yesu wangu, kichwa kama yai la bata!"

"Wewe nawe umekonda," ilijibu sauti dhaifu. "Nani kakuruhusu kukonda?"

"Nile nini, benchi? Sikiliza, Kyrylo, kuna jambo moja limeniuma siku zote hizi. Ulifunga dirisha la jikoni?"

"Dirisha gani?"

"La jikoni! Ulipoondoka kwenda zamu!"

"Mimi niliondoka kwanza. Wewe ndiye uliyetoka mwisho, kwa basi."

"Nilipewa muda wa kufunga madirisha, mimi? Nilitoka na soksi moja! Wewe ndiye huwa unalifungua kuvuta sigara, nimesema mara ngapi..."

"Sikuvuta siku hiyo!"

"Ulivuta! Jivu lilikuwa kwenye sufuria ya maua!"

Askari alimgeukia Zaruba, akashusha sauti. "Tymofi Lukich, si mgonjwa hatakiwi kupandisha sauti? Niingie niwanyamazishe?"

Zaruba alikaa kwenye kiti cha askari, akanyoosha miguu.

"Thubutu," alisema. "Waache wagombane."